Damu ya kitovu ukiwa Uganda: mwongozo kamili wa kuikusanya, kuisafirisha na kuihifadhi

Damu ya kitovu ni ile inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akishazaliwa. Ina seli shina, ambazo zikihifadhiwa zinaweza kupandikizwa kwa mgonjwa. Maswali yanayotufikia kuhusu damu hiyo karibu yote huja mambo yakishaharibika. Damu imeganda ndani ya kifuko. Damu imetoka kidogo mno. Au kifuko kilijaa vizuri kabisa, kikalala ofisini kwa wakala wa benki ya seli tangu Ijumaa usiku hadi Jumatatu, na maabara ya ng'ambo ikakikataa. Ni mara chache kosa huwa la sindano. Sindano ni kazi ya dakika tano. Kinachoangusha watu ni maandalizi ya wiki kadhaa kabla yake na saa 48 baada yake, kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi huko.

Kutoa damu kwenyewe ni kazi ya mkunga au daktari. Hatua ya 5 imeandikwa ili mhudumu wako aisome mapema, si ili baba wa mtoto aijaribu mwenyewe.

## Vitu vinavyohitajika

- Kifaa cha kukusanyia kilichotoka kwenye benki ya seli shina uliyoingia nayo mkataba, hakijafunguliwa wala hakijapitwa na tarehe. Ndani yake utakuta kifuko tasa chenye sindano nene na dawa ya kuzuia damu kuganda (mara nyingi mililita 25 hadi 35), chupa ndogo za damu ya mama, lebo, fomu, na kasha la kuhami joto.
- Vibanio viwili vya ziada vya kitovu, glavu tasa, shashi, spiriti na iodini. Mama kit ya hospitali haitoshi: ina wembe na uzi wa kufungia kitovu, na uzi haushiki kama kibanio.
- Mizani ya dijitali ya jikoni.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Nakala za vipimo vyote vya kliniki ya wajawazito.
- Namba mbili za simu za msafirishaji, moja ikiwa ya mtu anayepokea usiku.
- Mtu wa kasha. Huyu si mama, wala si yule anayemshika mama mkono. Ni shangazi, shemeji au rafiki ambaye kazi yake siku hiyo ni kasha tu.

Usikubali kifuko cha kawaida cha kuchangia damu eti ni kilekile. Kifuko cha mililita 450 kina mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda. Ukikitilia mililita 80 za damu ya kitovu, dawa inazidi kiasi na seli zinaumia. Pia usiipeleke Benki ya Damu ya Nakasero. Pale huhifadhiwa damu ya kuongezea wagonjwa, kwenye jokofu, kwa siku 35 tu. Seli shina hugandishwa kwa namna nyingine kabisa na kukaa miaka mingi, na Uganda haina benki ya umma inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo safari ya nje ya nchi ni sehemu ya mpango wako tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Uliza kwanza kama unayo sababu

Wakala atakuambia ni bima ya maisha ya mtoto. Madaktari wa watoto wa Marekani na wenzao wa uzazi wamekwisha kutoa msimamo wao: hawashauri kuweka damu ya kitovu kwa malipo kama bima ya jumla. Sababu yao inaeleweka. Ugonjwa wa kurithi ulio ndani ya mtoto umo pia ndani ya seli za kitovu chake. Mtoto aliyezaliwa na selimundu hawezi kutibiwa selimundu kwa damu yake mwenyewe.

Hali inabadilika pale nyumbani tayari kuna mtoto mgonjwa ambaye anaweza kusaidiwa na kupandikizwa uboho, na mama ana mimba nyingine ya baba yuleyule. Kwetu ugonjwa huo mara nyingi ni selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita. Utafiti wa kitaifa uliotumia sampuli za watoto wachanga ulikuta asilimia 13.3 wanabeba jeni na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, na maeneo ya kaskazini na mashariki pamoja na Bundibugyo yalikuwa juu ya wastani.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana tishu kikamilifu ni 1 kati ya 4. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani wanabeba jeni ya selimundu bila kuugua, uwezekano wa mtoto anayekuja kutokuwa mgonjwa ni 3 kati ya 4. Mambo haya mawili hurithiwa kila moja kivyake, kwa hiyo unayazidisha: 3 kati ya 16. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 19. Si haba kwa familia yenye mtoto anayelazwa kila mara, lakini ni mbali na ule uhakika unaouzwa kwenye vipeperushi.

Kabla ya hatua ya 2, nenda kliniki ya selimundu ya Mulago, au kwa daktari wa damu anayemwona mtoto wako, umuulize jambo moja: kama seli zikipatikana na zikalingana, upandikizaji utafanyikia wapi na nani atalipa? Familia nyingi za huku huishia kusafiri India. Kama jibu la swali hilo halipo hata kwa mbali, pesa ya kuhifadhi seli ina kazi bora zaidi: haidroksiurea (dawa ya selimundu), chanjo, na nauli za kliniki.

Dalili ya mafanikio: unaweza kutaja kwa sentensi moja seli hizi ni za nani na za ugonjwa gani.

## Hatua ya 2: Chagua benki, soma mkataba

Bei ya benki binafsi za nje mara nyingi huanzia dola elfu moja na kupanda, kisha ada ya kila mwaka ambayo kwa kawaida hupita dola 100. Ulizia pia kama benki ina mpango wa bure au wa nafuu kwa familia yenye mtoto mgonjwa; baadhi wanao, ila wakala hatakutajia usipouliza.

Mtake wakala akuonyeshe cheti cha FACT au AABB, vyombo vinavyokagua benki za seli, cha maabara yenyewe, si cha ofisi ya Kampala. Kisha tafuta jina la maabara hiyo kwenye tovuti ya chombo kilichotoa cheti. Lisipoonekana, ondoka.

Hata cheti si kinga kamili. Mwaka 2019 kampuni ya Cryo-Save ya Uswisi ilisimamisha kazi na sampuli za maelfu ya familia zikahamishiwa Poland. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Singapore iligundua kwamba matangi ya Cordlife yalikuwa yamepata joto kupita kiwango, na sampuli zipatazo 2,200 zikaharibika. Kwa hiyo kwenye mkataba tafuta majibu ya haya:

- Kampuni ikifungwa, seli zinakwenda wapi na nani analipia?
- Joto la tangi likipanda, mzazi anaarifiwa ndani ya siku ngapi?
- Damu ikifika ikiwa kidogo au imeganda, unarudishiwa kiasi gani?
- Seli ni mali ya nani mtoto akifikisha miaka 18?
- Maabara inapokea mizigo Jumapili na sikukuu?

Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloumiza kuliko yote.

Upande wa sheria, Uganda ilipitisha sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo iliyoanza kuwa sheria kamili mwaka 2023, na inagusa tishu na seli pia. Mwambie wakala akuandikie, kwa maandishi, anasafirisha seli za binadamu kwa kibali gani na nani anashughulikia karatasi za forodha. Jibu la "hiyo tutaimaliza tu Entebbe" si jibu.

## Hatua ya 3: Maandalizi ya kliniki, kuanzia wiki ya 28

Mama atapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Benki nyingi huongeza HTLV, kirusi kingine cha damu. Baadhi ya vipimo hivi utakuwa umefanya tayari kliniki, lakini maabara hutaka damu ya mama iliyochukuliwa karibu na siku ya kujifungua, ndiyo maana kuna zile chupa ndogo. Homa ya ini B isikushtukize dakika za mwisho, hasa ukitoka kaskazini ambako imeenea zaidi: benki nyingine hukataa sampuli, nyingine huiweka tangi la peke yake. Ulizia mapema. Andika pia lini uliugua malaria na lini ulimeza Fansidar, maana fomu itauliza.

Baba naye apimwe jeni ya selimundu kama hajawahi.

Sasa zungumza na wanaozalisha. Hospitali binafsi za Kampala huenda daktari amekwisha kuona kifaa cha namna hii. Kawempe au hospitali ya wilaya, ambako mkunga mmoja anaangalia akina mama kadhaa kwa wakati mmoja, usitegemee kwamba atapata mikono ya ziada. Muone mkuu wa wodi mapema, mpe maelekezo ya benki ayasome, na mwombe ruhusa iandikwe kwenye kitabu chako cha kliniki. Maneno yawe mafupi: "Sista, tuna mtoto wa siko seli nyumbani. Tukijifungua tunaomba damu inayobaki kwenye kondo la nyuma. Mtoto na mama kwanza, ikishindikana, basi." Mkunga akisikia hiyo "ikishindikana, basi," moyo wake unatulia, na mkunga aliyetulia ndiye anayekusaidia.

Na jajja? Kwa Waganda wengi kondo la nyuma lina mahali pake pa kuzikwa, na kile kipande cha kitovu kinachokauka na kudondoka huhifadhiwa. Mweleze bibi kwamba damu tu ndiyo inayochukuliwa. Kondo linarudi kwake, na kipande cha kitovu kinabaki tumboni kwa mtoto hadi kianguke chenyewe. Familia zimegombana mlangoni mwa leba kwa kutosema maneno haya mawili matatu mapema.

## Hatua ya 4: Uchungu ukianza

Mtu wa kasha anampigia msafirishaji papo hapo, si baada ya mtoto kuzaliwa. Anahakikisha kifaa hakijakaa kwenye buti ya gari juani.

Sitisha mpango kama mama ana homa, maji yananuka au chupa imepasuka zaidi ya saa 24, mtoto anakuja kabla ya wakati, au damu inatoka ovyo. Vijidudu vikiingia kwenye kifuko haviondoki kwa kugandishwa. Na mama anayevuja damu anahitaji kila mkono uliopo chumbani. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunaua akina mama wengi nchini kuliko sababu nyingine.

## Hatua ya 5: Kukusanya damu (ukurasa wa mkunga)

Usiwahi kukata. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana kitovu, kwa sababu damu hiyo humwongezea mtoto madini ya chuma. Kusubiri kunapunguza kitakachobaki, ni kweli, na baada ya dakika tatu huenda kikabaki kidogo sana. Ila ukisubiri dakika moja kamili mara nyingi bado kuna cha kukusanya. Anayekuambia ukate mara tu mtoto anapotoka anatetea kifuko chake. Kama kuna mgonjwa anayesubiri seli hizi, muda wa kubana uamuliwe na daktari na wazazi kabla ya siku yenyewe.

Oksitosini, dawa ya kubana mji wa mimba, kama kawaida. Sindano ya mama na uangalizi wa kondo havisubiri kifuko. Kama mkunga yuko peke yake, njia salama ni kutoa kondo kwanza, kuliweka kwenye beseni safi mahali palipoinuka huku kitovu kikining'inia, na kukusanya hapo bila kuchelewa. Damu hupungua kidogo na hatari ya uchafu huongezeka, lakini mama hajaachwa. Kukiwa na wahudumu wawili, mmoja anaweza kukusanya kondo likiwa bado ndani, na kwa kawaida hapo damu huwa nyingi zaidi. Kwa upasuaji, daktari huamua mwenyewe.

Kisha:

1. Bana kitovu karibu na mtoto, weka kibanio cha pili pembeni yake, kata katikati. Mtoto apelekwe kifuani kwa mama.
2. Futa sentimita 10 hadi 15 za kitovu kwa spiriti, halafu iodini, na uache ikauke. Hapa ndipo watu huharakisha. Iodini ambayo haijakauka haijafanya kazi, na itaingia na sindano.
3. Tafuta vena. Kitovu kina mishipa mitatu. Vena ni ule mnene, laini, unaobonyea. Ateri mbili ni nyembamba na ngumu. Ingiza sindano kwenye vena, karibu na kibanio.
4. Shusha kifuko chini ya usawa wa kitanda, nusu mita au zaidi. Damu inateremka yenyewe. Usikamue kwa nguvu: unazipasua chembe.
5. Tikisa kifuko taratibu muda wote damu inapoingia, ili ichanganyike na dawa. Damu isiyochanganyika huganda pembeni wakati katikati inaonekana nzuri, na hilo hugunduliwa maabara.
6. Mtiririko ukipungua, chomoa na uchome tena juu kidogo, kuelekea kondo, baada ya kusafisha upya.
7. Kitovu kikiwa cheupe na kimesinyaa, bana mrija, funga kama maelekezo yanavyosema, tupa sindano kwenye sanduku la usalama, geuza kifuko juu chini mara kumi hivi.

Dalili ya mafanikio: damu nyekundu nzito inayotembea kwa ulaini ukiinamisha kifuko, bila vipande, na mrija hauvuji.

## Hatua ya 6: Pima na uandike

Weka kifuko kwenye mizani. Toa uzito wa kifuko kitupu chenye dawa, ulioandikwa kwenye fomu. Gramu moja ni karibu mililita moja ya damu. Chini ya mililita 40, mpigie benki kabla ya kulipia ndege. Kuanzia 80 kwenda juu, umefanya vizuri.

Kwenye lebo: jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, na saa. Andika saa ya kizungu, ya tarakimu 24. Mtoto aliyezaliwa saa mbili na robo usiku aandikwe 20:15. Ukiandika 2:15, maabara itaamini damu ina saa 18 zaidi, au itasimamisha kazi kuuliza huku muda unakimbia. Ongeza maneno "saa za Uganda".

Chupa za damu ya mama zichukuliwe sasa, kabla msisimko haujaisha na kila mtu kwenda kula.

## Hatua ya 7: Saa 48

Damu ya kitovu husafiri ikiwa na joto la chumba, kati ya nyuzi 15 na 25. Haiwekwi kwenye friji, wala haizungushiwi barafu. Mtu mwema mmoja kwenye wodi atakuja na barafu kutoka kantini, mshukuru, umkatalie. Barafu inaweza kuziua seli kabla hazijafika kwenye dawa inayozilinda wakati wa kugandishwa.

Hofu yetu zaidi ni joto. Gari lililoegeshwa juani Gulu au Arua hupita nyuzi 25 mara moja. Kasha likae ndani ya gari karibu na abiria, si kwenye buti, na si nyuma ya boda saa sita mchana.

Maabara nyingi hutaka kuanza kazi ndani ya saa 48 tangu damu itoke. Baadhi hukubali hadi 72 kwa seli za ndugu. Panga kwa 48. Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa Nsambya Ijumaa saa nne usiku. Mwisho wako ni Jumapili saa nne usiku. Jumamosi asubuhi kasha liondoke kwenda Entebbe kwa barabara ya kulipia, maana ya zamani ikishikwa na foleni pale Kajjansi hujui utatoka lini. Karatasi za mizigo zinakula saa kadhaa. Ndege ya Johannesburg au Dubai ni saa nne au tano angani, lakini haiondoki unapotaka wewe. Ukikosa ya Jumamosi, ya Jumapili inakufikisha ukingoni. Na kama maabara hufungua Jumatatu, ulishashindwa Ijumaa ile mtoto alipolia. Ndiyo maana swali la Jumapili limo kwenye mkataba.

Wa mikoani waondoe saa za barabarani kwanza. Ukitoka Arua au Kabale, ni salama zaidi kuhamia kwa ndugu Kampala au Entebbe wiki ya 37.

Entebbe, kasha liwe limefungwa kwa tabaka tatu, na lebo nje inayosema ni seli za binadamu, lisipitishwe mionzi. Mpangilio huo hufanywa na msafirishaji na idara ya mizigo kabla, kwa simu na barua pepe. Kumpa jamaa anayesafiri abebe mkononi bila karatasi ni kumtafutia matatizo mawili, la usalama na la forodha.

Mtu wa kasha apige picha tatu: lebo ya kifuko, kasha likifungwa, na risiti ya mizigo yenye namba ya kufuatilia. Azitume kwenye WhatsApp ya wazazi wote wawili.

Dalili ya mafanikio: barua ya maabara inayotaja saa ya kupokea na joto lililosomwa ndani ya kasha.

## Hatua ya 8: Kusoma ripoti

Maabara hutenganisha seli, huzichanganya na dawa ya kuzikinga na barafu, huzishusha joto polepole, kisha huziweka kwenye naitrojeni ambako joto ni nyuzi 150 chini ya sifuri au baridi zaidi. Baada ya wiki kadhaa ripoti inakuja. Mistari mitano ndiyo ya kutazama.

Jumla ya seli zenye kiini. Vituo vya upandikizaji hutaka angalau milioni 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mgonjwa, na kwa selimundu wengi hutaka zaidi. Mtoto wa kilo 20 anahitaji walau milioni 500 hadi 600. Mililita moja ya damu ya kitovu huwa na milioni 10 hivi, na nyingine hupotea maabara. Ndiyo sababu ya kusisitiza mililita 80.

Idadi ya CD34, ambazo ndizo seli shina zenyewe. Uhai wa seli, kwa asilimia, ukiwa juu ya 85 ni mzuri. Vijidudu: lisome neno lenyewe, kwa kuwa benki nyingine huhifadhi hata sampuli yenye bakteria na kuendelea kutoza ada. Na jeni ya selimundu ya mtoto mchanga: AA (hana jeni) au AS zinafaa, SS (ana ugonjwa) hazifai kwa ndugu yake, na mtoto huyo anahitaji kuanzishiwa kliniki mara moja.

Seli zikiwa chache, usizitupe bado. Kama mtoto mpya analingana na mgonjwa, madaktari wanaweza kuchanganya damu ya kitovu na uboho wake akishakua kidogo. Hata damu ikipotea kabisa, ndugu anayelingana bado anabeba uboho wake mwenyewe.

Kwa hiyo malizia na kipimo cha HLA, kile cha kulinganisha tishu, cha watoto wote wawili, usikiahirishe. Tishu zikilingana, peleka ripoti kwa daktari wa damu, na namba ya sampuli iandikwe kwenye faili la mtoto mgonjwa. Zisipolingana, na hakuna mgonjwa mwingine nyumbani, soma kifungu cha kuvunja mkataba na usitishe ada kabla ya mwaka wa pili kuanza.